Simu ya Asubuhi ya Mama Opereta

Nilimwogopa kabla sijamwona. Nilikuwa darasa la tatu huko Kimuli, na baba alikuwa amelazwa wiki ya pili katika hospitali ya misheni. Simu za mkononi zilikuwa hazijaenea kwetu. Palikuwa na simu moja dukani, na mwenye duka aliifungia kabatini pamoja na sukari. Mama hakukiamini Kiswahili chake, kwa maana nyumbani tulisema Runyambo, kwa hiyo siku hiyo alinisimamisha mimi juu ya kreti la soda ili nizungumze. Alipokea mwanamke mwenye sauti nzito kidogo, tulivu, sauti ya mtu asiye na haraka. Nilitaja jina la baba na wodi. Akauliza, "Mwanangu, upo na mtu mzima hapo?"

Nikasema mama yupo.

"Mwambie aje leo. Asije peke yake."

Nilimpa mama maneno hayo kama nilivyoyapokea, nikamwona mwenye duka anavua kofia. Yeye alikuwa ameshaelewa. Miaka mingi baadaye simu ikiita popote, hata ya jirani, nilitoka nje kwanza nisisikie kinachosemwa.

Jina lake nalijua, sitaliandika. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo waulizwe ndugu zake. Watu wote walimwita Opereta, na ukiwa mbele yake, Mama Opereta. Alikuwa haoni tangu utotoni, na kwa miaka yote ya kazi alikaa kwenye chumba kidogo karibu na mapokezi, mbele ya ubao wa simu wenye matundu na nyaya. Daktari akitafutwa, kidole chake kilikwenda kwenye tundu la wodi bila kupapasa. Namba zote alikuwa nazo kichwani. Alijua nesi yupi ana mafua, nani kagombana na mumewe, nani amekuja kazini bila kula, yote kwa kusikia tu mtu anavyosema "haloo".

Hakuruhusiwa kumtangazia mtu msiba kwenye simu. Hiyo ilikuwa kazi ya daktari. Basi akajitungia maneno yake, "Asije peke yake," na watu wa Karagwe na Kyerwa wakayazoea kama walivyozoea kengele ya kanisa. Wengine walianza kulia kabla hajayamaliza. Aliwaacha walie. Kanuni yake ya kazi ilikuwa moja: opereta hakatizi mtu. Anayelia alie, anayekohoa akohoe, anayetafuta neno alitafute mpaka alipate.

Mimi ni mwoga, na ni afadhali niseme mapema. Niliogopa mitihani, nikafaulu kwa sababu ya kuogopa kufeli. Nilisomea kompyuta mjini, nikarudi nyumbani kwa kuogopa mji, nikapata kazi katika ofisi ndogo pale Kayanga iliyokuwa ikitengeneza programu za simu kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Wiki ya kwanza bosi aliniambia, "Tafuta mtu asiyeona atujaribie kazi yetu. Awe mjanja." Wote niliowauliza walinielekeza kwa mtu mmoja, opereta mstaafu, Bugene, nyumba yenye benchi barazani. Nilikwenda kwa miguu. Niliposema hodi na ile sauti ikajibu "Karibu," nikashika nguzo ya baraza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

"Umeshika nguzo yangu ya nini?" akauliza. "Inaanguka?"

Tukaanza hivyo.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni namna ya kumsindikiza. Mimi, kwa wema, nilimkamata mkono ili nimvushe mtaro. Aliuchomoa. "Usinishike. Niache mimi nikushike." Akatafuta kiwiko changu, akakishika kwa vidole vinne, akaniambia nitembee kama kawaida, yeye atajua njia kwa mwili wangu. "Na ukinijia, sema kwanza halafu ndiyo uguse. Mkono unaokuja bila sauti, kwangu mimi ni mkono wa mwizi." Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumshika bega mlangoni ili amsaidie kupanda ngazi. Alimchapa fimbo ya ugoko, kisha akamwamkia vizuri na kumuuliza habari za wajukuu.

Lakini mtu huyo huyo asiyetaka kushikwa alinuna nisipofika siku tatu. Alisema, "Nilidhani umekufa, nikaanza kutafuta kitenge cha msiba." Siri za hospitali hakuzitoa hata kwa kisu, ila umbea wa kwaya aliutoa bure, tena kwa vitendo, akiigiza sauti ya kila mwimbaji aliyeimba vibaya. Alikuwa Mlutheri wa kufunga na kusali, na alikuwa na matusi ya Runyambo ambayo sijayasikia kwa mtu mwingine. Alisema woga ni ugonjwa wa wenye macho, kwa sababu wao huogopa hata kitu kilicho mbali. "Mimi kikinifikia ndipo najua, na kikishanifikia muda wa kuogopa umekwisha." Hayo alinieleza mtu aliyekwisha kukanyaga nyoka mara mbili maishani mwake na mara zote akaendelea na safari.

Ng'ombe ndio waliomshinda. Wale wetu wenye pembe ndefu wakipita barabarani kwenda majini, alisimama wima ukutani, midomo ikamkauka, mpaka wa mwisho apite. Nilimcheka mara moja tu. Akaniambia, "Pembe inafika kabla ya kwato. Haisemi hodi."

Kazi yetu ilianzia kwenye simu ya kioo. Nilikuwa nimetengeneza programu nzuri, kwa macho yangu, ya mtu kutuarifu hali yake: rangi ya kijani kwa asiye na shida, nyekundu kwa mwenye shida, picha kubwa za kubonyeza. Nilimwekea simu mkononi kwa fahari. Alipitisha kidole juu ya kioo, akakirudisha, akakipitisha tena. "Hapa niko wapi?" akauliza. "Umenijengea nyumba haina mlango wala ukuta, unaniambia niingie jikoni." Kisha akaniagiza nijifunge macho kwa kanga yangu na nipike chai kwake, na nikiwa napika nimpigie mtu simu kwa kile kioo changu. Niliungua kidole, nikampigia fundi bomba badala ya mama, na maziwa yakafurika. Alicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye bosi naye alifungwa kanga, ofisini, akagonga kabati la mafaili kwa paji la uso.

Tuliachana na vioo. Watu tuliotaka kuwafikia, wanaoishi peke yao huko Kimuli na Nkwenda na ndani ndani ya migomba, wengi wao walikuwa na simu za vitufe, zile zenye kinundu kwenye namba tano. Mpango mpya ulikuwa huu: kila siku saa moja asubuhi kompyuta yetu itawapigia. Sauti itawasalimu na kuwauliza kama ni wazima. Jibu litatokea kwenye kompyuta kwa rangi, na muuguzi wa mradi atamfuata kila mwenye alama nyekundu. Sauti hiyo ilibidi iwe ya mtu wa huku. Bosi akamchagua Mama Opereta, nami nikakubali kwa kichwa huku mwili ukikataa.

Tulipoijaribu sauti yake, mwanamke mmoja mzee wa Nkwenda, mwenye mguu mmoja, aliitupa simu kwenye migomba. Muuguzi alipofika alimkuta amejifunga kitambaa cha msiba kiunoni. "Nimemsikia yule wa hospitali," alisema. "Semeni basi, amekufa nani?" Ofisi ilicheka wiki nzima. Mama Opereta hakucheka. Aliomba arekodi upya, na safari hii akaanza kwa kusema, "Ni salama, hakuna msiba." Nilitambua siku hiyo kwamba alikuwa anajua muda wote tulivyokuwa tukimwogopa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hadi leo linanitoa usingizini. Maneno niliyoyaandika mimi yalikuwa hivi: "Habari za asubuhi? Kama uko mzima, bonyeza moja. Kama una shida, bonyeza mbili." Nilimsomea kwake, barazani. Aliniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akakaa, akaniambia nisome tena. Nikasoma.

"Hii itaua mtu," akasema.

Nilidhani anatania.

"Wewe ni mtoto wa Kimuli. Mtu wa kwenu akiulizwa habari anajibu nini?"

"Nzuri."

"Jeneza likiwa sebuleni?"

"Nzuri," nikasema, na nikaanza kuelewa, na sikutaka kuelewa.

"Nzuri, karibu, kaa, kunywa maji, tafuna kahawa. Halafu mvua. Halafu ndizi. Halafu ndiyo anakuambia, ila mwenzio siku ya nne hii silali, mguu umeoza. Nimepokea simu miaka yote ile, hakuna aliyeanza na shida isipokuwa mlevi. Mashine yako inauliza habari, inajibiwa nzuri, inakata simu kabla kahawa haijafika."

Nililipeleka neno hilo ofisini. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wageni wa wafadhili wanakuja, na simu fupi ndizo zilizokuwa kwenye mpango. "Watu wataelewa," alisema. "Moja mzima, mbili shida. Hata mtoto anaelewa." Alinitazama asikie kama nina la kuongeza. Nilikuwa nalo. Nilimwogopa, nikalimeza.

Mama Opereta alirekodi maneno yale kama yalivyoandikwa. Alipomaliza alivua vipokea sauti masikioni akaviweka mezani taratibu. "Nimesema nilichosema," akaniambia. Alikataa soda.

Wiki za mwanzo kompyuta yetu ilikuwa kijani tupu. Wageni walipiga picha. Mimi nilikaa mbele ya ile rangi kila asubuhi, nikijiambia kwamba haiwezekani watu wote hawa, wenye vidonda na shinikizo la damu na kifafa, wawe wazima kila siku ya Mungu. Nilijiambia hayo, kisha nikanywa chai.

Palikuwa na fundi viatu Kimuli, mwanaume wa makamo ambaye miguu yake ilipooza tangu utoto. Alifanya kazi chini, juu ya mkeka, kwenye chumba chake hapo hapo centa, penye maduka. Kukaa sana kulimfanyia kidonda nyuma, asikokuona na asikokusikia, na kidonda kikaingia usaha. Siku ya kwanza ya homa simu ilimwita, akabonyeza moja. Siku ya pili, moja. Siku ya tano alibonyeza moja akiwa amelala sakafuni hawezi kuinuka. Aliyemkuta ni mama mmoja aliyefuata ndala zake. Alisikia harufu kabla hajafungua mlango.

Nilikwenda kumwona wodini. Nilisimama nje ya mlango muda mrefu, manesi wakinipita. Alikuwa amelazwa kifudifudi, uso umeelekea ukutani, na ilibidi nipige magoti ili anione. Nikamuuliza, kwa upole nilioweza, kwa nini hakubonyeza mbili.

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa kitu cha kitoto. "Iliniuliza habari, dada. Ningeijibu nini?" Kisha akasema, "Nilijua itauliza tena."

Alipona, kwa maana ya kuwa hakufa. Kukaa chini tena kufanya kazi, hapana. Mashine yake ya kushonea iko kwa kaka yake.

Nilikwenda Bugene moja kwa moja kutoka wodini, nikiwa najua ninachokwenda kupokea na nikikitaka. Nilitamani anitukane kwa Runyambo matusi yote aliyokuwa nayo. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa umesikia," akasogea kwenye benchi ili nikae. Nililia, naye hakunikatiza.

Tulijenga upya, na safari hii niliandika anavyosema. Simu ilisalimia kisha ikanyamaza, ikimwachia mtu nafasi ya kujibu apendavyo. Ikauliza kama mvua imenyesha. Ikanyamaza. Ikauliza shambani kukoje. Ikanyamaza. Ndipo ikasema, "Na mwili nao unasemaje?" na hapo ikarekodi maneno ya mtu mpaka aishiwe. Hakuna kubonyeza. Muuguzi alisikiliza rekodi mwenyewe, akaweka rangi. Bosi alilalamika kwamba simu zimekuwa ndefu. Nilimjibu kwamba zitabaki ndefu. Niliogopa nikisema, lakini nilisema, na ni yeye aliyetazama pembeni.

Rekodi zile zilikuwa na maisha. Watu waliitikia mashine, waliibishia kuhusu mvua, waliiambia "Mungu akubariki, mama." Na katikati ya ndizi na maharage, likatokea neno: kifua, damu, sijala tangu jana. Alama nyekundu zikaja. Nilizifurahia, jambo ambalo ni vigumu kumweleza mtu wa nje.

Mama Opereta naye alikuwa kwenye orodha, kwa sababu alikuwa na kisukari na aliishi peke yake. Aliona ni kichekesho kuamkiwa na sauti yake mwenyewe. "Najisalimu, najijibu," alisema. "Nimekuwa kichaa wa mradi."

Mwaka ule kazi ilinihamishia Kyerwa kwa miezi. Tangu Pasaka nilipita kwake mara moja tu, haraka. Alinikalisha upande wake wa kushoto, akaongea yeye tangu nimefika mpaka naondoka, akiuliza na kujijibu. Nilifurahi kwamba ana nguvu. Nilimtazama vile wenye macho tunavyotazama, nikaondoka.

Kila Ijumaa nachagua rekodi chache nizisikilize mwenyewe. Hakuna aliyeniagiza, ni hofu tu inayonituma. Ijumaa moja, msimu wa senene, nikiwa nimesharudi Kayanga, nikachagua ya kwake. Muuguzi alikuwa ameiweka kijani. Mashine iliuliza, kwa sauti ya Mama Opereta, "Je, mvua imenyesha huko?" na juu ya swali hilo hilo, kabla halijaisha, ikaingia sauti yake ya kweli, kubwa mno, "Mimi mzima, namshukuru Mungu, asante." Simu ikakatika. Nikafungua ya Alhamisi. Maneno yale yale, mahali pale pale, juu ya swali la mvua. Nikafungua ya Jumatano. Nilirudi nyuma wiki moja, mbili, mwezi. Kila asubuhi sauti yake ya kweli iliikanyaga ile ya mashine, bila kuingoja, na muuguzi kila asubuhi alisikia neno "mzima" akaweka kijani.

Mtu huyu asingemkatiza hata mwizi.

Nilipanda bodaboda nikamwomba dereva akimaliza mizunguko yake arudi kunichukua, apige honi barabarani. Mlango wa Mama Opereta ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa barazani kwenye benchi, beseni la senene mapajani, akiwanyonyoa mbawa na miguu kwa vidole vyake vya haraka. Zamani ningekuwa sijafika kwenye mtaro angeshasema viatu nilivyovaa. Sasa niliingia uani, nikapita kwenye mchanga wa kokoto, nikasimama hatua tatu mbele yake. Vidole viliendelea.

"Shikamoo, mama."

Akatupa mbawa chini.

"Shikamoo." Nikapaza. Kuku wakakimbia. Nikaita mara ya tatu, kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie kutoka kwenye migomba, na uso wa Mama Opereta ukabaki vile vile, umetulia, umeelekezwa kwangu, hauna habari nami.

Sijawahi kuogopa vile, hata juu ya kreti la soda. Alikuwa amenifundisha kusema kwanza ndipo niguse. Nilikuwa nimesema. Yote niliyokuwa nayo yalikuwa ni kusema, mradi mzima ulikuwa ni kusema, na hapa mbele yangu alikaa mtu ambaye mkono wowote ukimfikia utakuwa umetoka gizani. Nilisimama pale sijui nifanye nini, nikimtazama anavyonyonyoa senene, na nikawaza ni watu wangapi wameshaingia uani humu wakasimama nilipo, na yeye hajui.

Mwishowe nilikwenda kwenye ncha ya mbali ya benchi, nikakaa polepole, ili ubao uiname.

Vidole vikasimama. "Nani?" Alisema kwa nguvu, kichwa kimeinuka. "Nani yupo?" Beseni likapinduka mapajani.

Nikateleza karibu, nikaweka kiwiko changu chini ya kiganja chake, vile alivyonifundisha. Alikishika. Alikipapasa hadi begani, akarudi chini, akafika kidoleni, kwenye kovu la kuungua siku ile ya kanga. Akashusha pumzi.

"Ni wewe, mwoga."

Nikaanza kusema, mdomo karibu na sikio lake. Akatikisa kichwa. "Acha. Unanipulizia tu."

Akaniambia yote kwa sauti ile kubwa, isiyojua ukubwa wake. Sikio la kulia lilianza kuziba mwaka jana, hakujali. La kushoto lilimwacha polepole kuanzia Kwaresima. Simu aliiweka kifuani. Ikitetemeka saa moja asubuhi alijua ni sisi, anabonyeza kupokea, anahesabu kumi na mbili, anasema alilozoea, anakata. "Wengine wakinipigia napokea pia. Nasema mimi mzima, karibuni. Sijui nimewaambia akina nani."

Nilikuwa nataka kumuuliza kwa nini hakusema. Alijua nitauliza.

"Ningekuambia ungenitoa. Opereta asiyesikia ni wa nini?" Akakaza vidole kwenye kiwiko changu. "Nilikuwa nasikia hospitali nzima, mwanangu. Nilikuwa nasikia sindano ikianguka wodi ya wazazi. Sasa nikiamka sijui kama nimeamka. Napapasa kitanda. Wiki iliyopita nimekaa hapa, mkono umenishika bega, sijui wa nani, ukaniachia. Naogopa. Nimekucheka sana, lakini naogopa."

Nilishika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Senene walikuwa wamemwagika miguuni mwetu na kuku walikuwa wanarudi.

"Tupange," akasema baadaye, akijipangusa uso kwa kanga, na kwa muda mfupi akawa yule wa kazini. "Mimi nitauliza. Ukiniminya mara moja ni ndiyo. Mara mbili hapana. Umenielewa?"

Nikamminya mara moja.

"Mvua inakuja?"

Nikatazama mawingu upande wa Rwanda. Mara moja.

"Bosi wako bado ana kitambi?"

Mara moja. Alicheka kidogo. Kisha akageuza uso upande wangu, macho yake meupe yakipita juu ya bega langu.

"Haya masikio, yana dawa?"

Vidole vyangu vilibaki juu ya kiganja chake. Sikuwa daktari. Mara moja ingekuwa uongo, na mara mbili sikuwa na haki ya kuisema. Hatukuwa tumeweka alama ya sijui. Alingoja, kama alivyowangoja watu maisha yake yote, bila kunisukuma, na kadiri alivyongoja ndivyo nilivyoona anaelewa ukimya wangu vibaya.

"Bado upo?" akauliza.

Nikamminya mara moja.

"Usiende kwanza."

Mara mbili, nikamaanisha siendi, kisha nikaogopa kwamba ameelewa kinyume, nikakumbatia mkono wake wote kifuani kwangu. Tulikaa hivyo. Kila nilipolegeza kidogo ili niondoe ganzi, aliuliza tena kama bado nipo.

Barabarani bodaboda wangu alikuwa amerudi. Alipiga honi mara moja, akangoja, akapiga mara mbili ndefu. Mama Opereta hakusikia. Mimi nilisikia, nikabaki nimekaa.